Nifundishe Mkate, Nikufundishe Mto

Siku nilipokutana na rafiki yangu, nilidhani amekufa.

Tulikuwa wageni Kabambare. Mume wangu alikuwa karani wa pamba, mtu wa kusimama kwenye mizani siku za soko, na wakubwa wake wazungu walimtoa Kasongo wakampeleka huko bila kumuuliza. Tulifika na mvua za mwisho, juu ya kamyo ya pamba, lori lililojaa magunia matupu: yeye, mimi, na mama yake mzazi aliyekataa kubaki nyuma. Asubuhi moja nilishuka mto Luama kufua nguo. Nilijitafutia mahali pa peke yangu, kwa sababu wanawake wa pale walizungumza Kibangubangu na mimi nilikuwa nimechoka kuchekwa bila kujua nachekwa nini. Niliinama juu ya jiwe, nikasugua, nikainua macho, nikaona mwanamke majini. Amelala chali. Mikono imetanda, macho yamefumba, mdomo uko wazi kidogo, na maji yanamzungusha polepole nyuma ya mwamba kama jani lililoanguka.

Mimi nimekulia Kasongo, katika nyumba za Wakristo karibu na misheni. Kwetu mto ulikuwa wa kuchotea maji na kuogopwa. Aliyeingia ndani alitoka amevimba, au hakutoka. Basi nilipiga ukelele ambao mpaka leo sijui ulitoka sehemu gani ya mwili wangu. Wanaume waliokuwa wakilima pamba huko juu wakateremka mbio na majembe yao, mmoja tayari amevua shati la kumfunikia maiti.

Maiti akafumbua jicho moja.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikakaa juu ya nguo mbichi. Yule mwanamke alipowaona wanaume alizama mpaka kidevuni, akawatupia maneno ya Kibangubangu yaliyowarudisha shambani wakijikwaa kwa vicheko. Kisha akanigeukia.

"Weye njo umelia?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Weye mutu wa wapi?"

"Wa Kasongo."

"Ku Kasongo watu hawapumuzikaka mu mayi?"

Nilikusanya nguo zangu nusu chafu nikapanda kilima. Nilifika nyumbani nikikimbia, na mama mkwe akaniuliza kama nimefukuzwa na nyoka.

Kesho yake aibu ilinizidi. Nilikuwa nimemtia mwanamke wa watu mbele ya macho ya wanaume akiwa uchi. Nikachukua mkate niliokuwa nimeoka, nikaufunga kwenye jani la mgomba, nikauliza nyumba yake. Kila mtu alimjua. Alikuwa mjane wa Kiislamu, mkubwa kwangu kwa umri, aliyeishi kwa migono, vile vikapu virefu vya kunasia samaki ambavyo alivitega mwenyewe chini ya maji. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Mume alipokufa, watu walingoja aolewe tena au arudi kwa kaka zake, naye akaingia majini.

Alinikaribisha kwenye kigoda. Akaufungua mkate, akaubonyeza kwa kidole, akaona shimo lililobonyea likijaa tena lenyewe. Akanitazama. Akabonyeza tena.

"Iko na mifupa?"

"Haina. Kula, yaya." Nilimwita yaya, dada mkubwa, kwa kuwa nilikuja kuomba radhi.

Alikula kipande kimoja. Akala cha pili. Kilichobaki alikifunika kwa jani kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, akasema, "Mudogo wangu, nifundishe kitu hiki. Na miye nitakufundisha kufa vile ulinionaka nimekufa jana."

Nilicheka kwa sababu nilidhani ni mzaha. Hakuwa anacheka.

Kuoka mkate nilikuwa nimejifunza kwa masera, watawa wa kike wa misheni ya Kasongo, ambako nilifanya kazi jikoni kabla ya kuolewa. Kabambare hapakuwa na tanuru la matofali, nikawa naoka kwenye sufuria nzito yenye makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Unga wa ngano ulipatikana duka la Mreno. Mama mkwe wangu, ambaye hakupenda vitu vingi, alipenda mkate ule kuliko alivyonipenda mimi, kwa hiyo hakukataa mtu aje kujifunza. Alikunja uso tu alipomwona aliyekuja.

"Huyu si yule mwanamuke wa mu mayi?"

"Ndiye, mama."

"Ajifunze mukate. Lakini weye usijifunze vitu vyake. Mwanamuke anayecheza mu mayi tumbo lake linapoa."

Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa bila kupata mtoto, na kila mtu nyumbani alijua maneno hayo yanakwenda kumpata nani.

Siku ya kwanza ya mafunzo nilikuwa nimekanda unga mapema, nimeuweka karibu na jiko, nimeufunika kwa kitambaa. Rafiki yangu alikaa akauangalia. Tulikuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Ghafla aliruka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Inapumua!"

"Nini?"

"Kitu yako! Angalia kitambaa! Njo inaamuka!"

Akatoka nje. Nilimkuta amesimama katikati ya uwanja, mwanamke aliyekuwa anazamia mto wenye mamba, akitetemeka kwa sababu ya donge la unga. Nilimshika mkono nikamrudisha, nikamwambia alitie ngumi. Alifumba macho akalitia ngumi, likanywea kwa sauti ndogo, naye akatoa yowe lililomwamsha mama mkwe usingizini. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, akitia ngumi tena na tena, na mimi nikajua nimepata rafiki.

Zamu yangu ikafika. Alinichukua mahali anapopajua yeye, nyuma ya miamba, ambako maji yalikwenda kasi upande mmoja na kutulia upande mwingine. Mamba hawakupapenda, alisema. Niliuliza ana hakika gani. Akasema kama wangepapenda asingekuwepo wa kunijibu.

Nilifunga kitambaa cha zamani katikati ya miguu, nikaingia mpaka magotini, nikasimama hapo asubuhi nzima. Siku nyingine nikafika kiunoni. Alipoona hivi tutazeeka, aliniambia nilale juu ya mikono yake. Nililala nimekakamaa kama ubao. Maji yaliponiingia masikioni sauti zote za dunia zilifungwa, nikasikia moyo wangu peke yake, mkubwa, kama mtu anayetwanga ndani ya nyumba iliyofungwa. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilimkamata shingoni nusura tuzame wote wawili.

"Sikiliza," akasema tulipoacha kukohoa. "Mayi iko kama mukwe mukali. Ukishindana naye anakushinda. Ukikimbia anakufuata. Mulegezee shingo, atakubeba."

"Wangu hanibebi."

"Basi anza na huyu."

Kiangazi chote tulikwenda hivyo. Yeye alikuja kwangu na mikono yake iliyonuka samaki, akainawa kwa majivu na ndimu, akakanda. Mimi nilikwenda kwake na woga wangu. Siku aliyoondoa mikono yake chini ya mgongo wangu sikujua. Nilimsikia tu akisema kitu, nikageuza macho, nikamwona amesimama mbali, mikono yote miwili juu hewani, anionyeshe kwamba hanishiki. Mshtuko ukanikunja, nikazama mara moja. Lakini nilikuwa nimekwisha kuelea. Mwili wangu ulikuwa umefanya jambo hilo kabla mimi sijaambiwa.

Nyumbani niliendelea kusema nakwenda kufua. Mama mkwe alistaajabu jinsi nguo zetu zilivyoanza kuchakaa haraka.

Kisha pombe ikatutenganisha.

Sikuwa nimewaza. Masera walichachisha unga kwa tembo la mchikichi, lile la kugemwa asubuhi, kikombe kimoja tu, na likiingia motoni halibaki hata harufu. Kwangu halikuwa pombe, kama vile chumvi iliyo ndani ya mchuzi si jiwe. Kila alipokuja, nilikuwa nimeshachanganya. Siku hiyo alikuja mapema, kwa kuwa alitaka kujifunza kazi tangu mwanzo wake, akanikuta nimeshika kibuyu.

"Hii nini?"

"Ndiyo inayoamsha unga."

Akanusa. Uso wake ulibadilika mbele yangu, ukawa uso wa mtu nisiyemjua.

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza, yaya."

"Umenilisha malafu." Hakupaza sauti. "Mume wangu alikufa bila kuonja kitu hii. Baba yangu vilevile. Na miye nimekula, nikawapa na wajirani, nikasema tazameni, rafiki yangu amenifundisha."

Nilijaribu kusema haikuwa pombe tena, kwamba moto umeila. Maneno yangu yalikuwa yanaanguka chini kabla ya kumfika. Alivaa kitambaa chake cha kichwa, akatoka, na hakugeuka.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi gizani, asiyejua hata ashike shavu lipi. Ugomvi mkubwa nilikuwa nimeuona katika maisha, lakini sikuwahi kuona kitu kizuri kikivunjika kwa kikombe kimoja na bila mtu yeyote kutaka. Nilikwenda mlangoni kwake mara kadhaa. Mlango ulikuwa wazi, ndani ameketi anasuka migono, na hakuinua kichwa. Mama mkwe aliniambia, "Unaona? Watu wa dini ingine." Kwa mara ya kwanza nilimjibu vibaya, na yeye pia akashtuka.

Alirudi siku ya Ijumaa mchana, ametoka kuswali, na chungu kidogo mkononi. Hakunisalimu. Aliketi, akaweka chungu chini, akafunua.

"Nimeuliza mwalimu wetu. Amesema kile ulikula bila kujua, Mungu anajua hukujua. Lakini sasa unajua." Akanisogezea chungu. "Angalia."

Ndani mlikuwa na uji wa mahindi uliochacha, mzito, wenye mapovu madogo yanayopanda na kupasuka.

"Nimeuacha karibu na moto, nikaongeza unga kila asubuhi. Inapumua. Si sawasawa na yako? Tujaribu na hii."

Nilikuwa nimefikiri siku zote hizo alikuwa amekaa na hasira yake, kumbe alikuwa amekaa na chungu.

Mkate wa kwanza wa uji ule ulikuwa mgumu, hata mbwa aliubeba akaenda kuutupa. Wa pili uliinuka upande mmoja. Baada ya hapo tulijua kiasi cha maji na muda wa kungoja, na ukatoka mkate wenye uchachu kidogo, laini ndani, ambao mimi mwenyewe niliupenda kuliko wa masera. Tembo sikulitumia tena. Na yeye hakuishia hapo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa. Akakichimba tumbo kwa jembe na kisu, akawasha moto ndani, akafagia makaa, akaingiza mkate. Nilipoona jinsi ulivyoiva, umekauka juu sawasawa, nilikaa chini. Mimi nilikuwa nimekuja Kabambare nikilia kwamba hapana tanuru, na tanuru zilikuwa zimejaa porini zinanitazama.

Akaanza kuoka siku za soko la pamba. Watu waliotembea kutoka mbali na mizigo yao kichwani walikula mkate wake wakingoja mizani. Wengine walimwita mama wa kichuguu.

Mvua zilipokuwa zimekolea, habari ilifika kwamba kaka wa mama mkwe amefariki Kasongo. Mume wangu hakupewa ruhusa ya kuacha kazi. Ilibidi mimi nimsindikize mama kwenye msiba, juu ya kamyo ya pamba. Shofere alikuwa kijana mchangamfu aliyeimba njia nzima, akimtania mama mkwe kwamba atamwoa, na mama, ambaye hakuwa na mzaha hata siku za furaha, alijifunika mdomo kwa kitambaa asionekane anacheka.

Kwenye kivuko tulisimama. Luama haukuwa mto niliouacha. Ulikuwa mwekundu wa udongo, umebeba visiwa vya majani na miti mizima yenye mizizi juu. Baki, mitumbwi mikubwa iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao, lilikuwa linavuta kamba yake ya chuma kama mbuzi anayetaka kukimbia. Mzee wa kivuko alimwambia shofere, "Tungojee kesho."

"Kesho muzungu atanikata kazi," shofere akajibu. "Pamba inangojewa."

Wakabishana. Mwisho kamyo ikapanda juu ya mbao, na sisi abiria tukasimama pembeni yake, tumeshika ubao wa gari. Mama mkwe alikuwa ananikamata kiwiko, jambo asilolifanya kamwe.

Tulikuwa katikati nilipouona mti. Ulikuja bila sauti. Hilo ndilo lililonishangaza: kitu kikubwa namna ile kilipaswa kutanguliwa na kelele. Ulitugonga ubavuni, kamba ikalia mlio mwembamba wa chuma, kisha mlio ukakatika. Baki likazunguka. Mitumbwi ya upande mmoja ikaanza kunywa maji, mbao zikainama, na kamyo ikatembea. Ilitembea taratibu, kwa adabu, kama mtu anayepisha wenzake, shofere akiwa bado ndani ameshika usukani. Niliona uso wake kwenye kioo. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mgeni.

Halafu mimi mwenyewe nikawa majini.

Nilisahau kila kitu. Kiangazi kizima cha mafunzo kilinitoka. Nilipiga mikono, nikanywa udongo, nikaona giza, nikaona mwanga, nikanywa tena. Katika kupigana huko shingo yangu ilichoka, ikalegea yenyewe, na nikajikuta natazama mbingu. Mvua ilikuwa inanidondokea usoni. Masikio yalikuwa yamefungwa, na ndani nikasikia ule moyo unaotwanga. Hapo nikajua niko wapi. Nikavuta pumzi.

Nilimwona mama mkwe karibu nami, kitenge chake kimejaa hewa kimemzunguka kama chungu kilichopinduliwa, anazunguka katikati yake, macho yamemtoka, hanioni. Kitenge kilikuwa kinaanza kunywea. Nikamfikia. Nikashika kitambaa cha kichwa, kikabaki mkononi. Nikashika nywele.

Msomaji asiye wa kwetu hataelewa. Mama wa mume hupitii mbele yake akiwa anakula. Hukai kwenye mkeka wake. Kichwa chake hukigusi hata kikiwa na siafu. Mimi nilizungusha misuko yake kwenye ngumi yangu, nikamlaza chali kwa nguvu, na alipotaka kunikamata shingo nilimpigia kelele, "Lala! Lala, mama! Legeza shingo!" Sijui kama alinitii au alizimia. Alilala. Mto ukatubeba, mimi nikipiga miguu kwa mshazari kuelekea ukingo wenye majani, kama nilivyofundishwa, bila kushindana nao, mpaka mgongo wangu ukakwaruza mchanga.

Tulilala hapo kwenye matete kwa muda mrefu. Alitapika maji. Kitenge chake kilikuwa kimekwenda, nikakichana changu vipande viwili nikamfunika. Alikaa. Akajipapasa kichwa polepole. Akanitazama.

"Umenishika kichwa," akasema.

Nilitaka kuomba radhi, kikatoka kicheko, na ndani ya kicheko kikatoka kilio, nikawa siwezi kusimamisha kimojawapo. Yeye aliningoja mpaka nikamaliza.

"Nani alikufundisha?"

"Mwanamke wa migono."

"Kumbe njo kule unafuaka nguo."

"Ndiyo, mama."

Tulisikia wavuvi wanaitana kwenye mitumbwi yao. Waliwaokota watu waliokuwa wameshika mbao, wakamwokota mzee wa kivuko aliyevunjika mkono. Maiti ya shofere ilionekana baadaye, mbali sana mto unakoelekea. Serikali ilituma askari kuuliza. Waliuliza habari ya kamyo, wakauliza habari ya pamba, imepotea kiasi gani na ilikuwa imefungwa vipi. Mama mkwe aliwangoja wafike kwenye habari ya shofere. Walipokwisha kuondoka aliniuliza, "Hawakuuliza habari ya yule mutoto wa kamyo?" Nikamwambia hapana. Alishika tama, akabaki hivyo mpaka jioni.

Msiba wa Kasongo hatukuufikia. Tulirudi Kabambare kwa miguu, na pale ndipo mshtuko wenyewe uliponipata, kana kwamba ulikuwa umetufuata nyuma kwa mwendo wake. Sikuweza kwenda mtoni. Maji kwenye beseni yakitikisika, niliyaacha nikatoka nje. Nilikuwa nikikanda unga naona uso wa shofere kwenye kioo.

Rafiki yangu hakunivuta. Alikuja kila asubuhi baada ya kutega migono yake, akaketi mbele yangu, tukakanda bakuli moja, mikono minne. Matanga ya shofere yalifanyika kwa ndugu zake, mbali huko sehemu za Wamaza. Rafiki yangu aliwapelekea mikate iliyojaa kikapu, akitembea njia nzima na matope yale. Siku moja nilimuuliza kwa nini hanilazimishi.

"Mayi haikimbii," akasema. "Weye pumuzika."

Mvua ziliisha. Asubuhi moja niliamka nikakuta mama mkwe hayumo ndani. Niliuliza majirani, wakanyoosha vidole kuelekea mtoni. Nilikimbia nikiwa na unga mikononi mpaka nyuma ya miamba, mahali ambapo nilikuwa sijapakanyaga tangu ajali, na nilichokiona kikanisimamisha. Mama mkwe wangu, mama wa kanisa, mama wa tumbo kupoa, alikuwa amelala juu ya maji amefumba macho kwa hasira. Rafiki yangu alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika kichwa kwa mikono miwili.

"Legeza shingo, mama," alikuwa anasema.

"Nimelegeza!"

"Bado."

"Weye ni mutoto wa nani, unanisumbua hivi?"

Niliingia majini na nguo zangu. Nilikuwa nimefika kiunoni kabla sijakumbuka kwamba siwezi.

Tulikaa Kabambare miaka mingine. Nilizaa huko, na mama mkwe hakutaja tena habari ya matumbo kupoa. Kisha mume wangu akarudishwa Kasongo. Watu walikuwa wameanza kunong'ona habari za uhuru, na wazungu wa pamba walikuwa wanahamisha watu huku na huku kama mtu anayepanga vyombo asiyejua atavibeba au ataviacha. Nilimwachia rafiki yangu sufuria yangu nzito. Yeye alinipa mgono mdogo aliousuka kwa ajili ya binti yangu. Chungu cha chachu tulikigawa: nusu yake, nusu yangu.

Alitusindikiza mpaka kivukoni. Lilikuwepo baki jipya, maji yalikuwa madogo na safi, mtu angeona mawe chini. Nilisimama ukingoni, miguu ikakataa. Mume wangu alikuwa amekwisha kupanda na watoto, mama mkwe pia, wananingoja. Rafiki yangu alinishika mkono.

"Twende. Nitavuka na weye."

Tukapanda. Aliubana mkono wangu kwa nguvu, nami nikafumba macho, nikimshukuru Mungu kwa ajili ya mkono ule mgumu usio na woga. Tulipofika katikati nilihisi kitu. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nilidhani ni wangu. Nikafumbua macho, nikauangalia: ulikuwa wake. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, macho yake yameganda kwenye mbao.

"Yaya, una nini?"

"Nyamaza."

"Unaogopa?"

"Miye sijapandaka kitu hii hata siku moja," akasema katikati ya meno. "Tangu nizaliwe. Miye naogeleaka."

Nilimkumbatia pale pale, tukatetemeka pamoja mpaka ng'ambo. Tukaagana kwa maneno machache, kwa kuwa kamyo ilikuwa inaunguruma. Mwenye baki akamwambia apande, watamrudisha bure. Alitikisa kichwa. Alijitenga nyuma ya matete, akafunga nguo zake juu ya kichwa, akaingia mtoni kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa kichwa tu, kinakwenda sawasawa kuelekea ukingo wa pili.